Neno Aliloona Aibu Kuliuliza

Kaka yangu Lukumani hakuiba gunia hata moja, na anayebisha aje anibishie mimi Semeni hapahapa mtaani kwetu Ng'ambo.

Mwaka ule wa njaa, sabini na nne, alikuwa mtunza ghala la mahindi ya vijiji vya ujamaa. Amri ya kutoa mahindi ilikuja kwa simu kutoka ofisi kuu, na anayepiga sharti ataje kwanza neno la siri. Sheria nzuri, ila simu yenyewe balaa tupu. Waya ulikuwa mmoja na wa maduka ya mtaa wa Kanyenye. Ukiinua mkono wa simu dukani, unasikia yote ya ghalani. Sauti nazo zilikuja kama mtu anaongelea ndani ya mtungi. Lukumani alimlalamikia meneja wake, Bwana Silasi, mpaka akachoka. Anajibiwa, "Vumilia ndugu, nchi bado changa."

Mchana mmoja simu ikalia. Sauti nzito, ya mtu mzima. Lukumani akaamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje na kifua chake?"

Mama alikuwa hoi kweli, na ruhusa ya kumpeleka hospitali Lukumani aliiombea kwenye simu hiyohiyo. Akaamini ni mkubwa wa ofisi kuu, naye mzee akaamuru lori linalokuja lipakiwe mahindi. Sasa mzee amekuitikia, amekujulia hali ya mama yako, halafu umdai neno la siri kana kwamba ni mwizi? Nani kati yetu angethubutu? Lori likaja, likapakia, likaenda zake. Mpaka leo halijulikani liliko.

Mahakamani hakimu akamwuliza kwa nini hakulidai lile neno.

"Niliona aibu, mheshimiwa. Alikuwa mtu mzima."

Watu wakacheka. Silasi akaapa kwamba simu ilikuwa nzima siku zote. Nilitamani kumrarua. Lukumani akapewa miaka saba.

Nikaenda gerezani kuwaomba wamlete amwone mama, hata kwa pingu, maana ndiye mwanawe wa kiume pekee. Wakakataa. Mama alifia mikononi mwangu, anamwita yeye.

Nilipompelekea habari, hakulia. Aliuliza tu nani aliingia kaburini kumpokea mama.

"Majirani," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Kazi ile ilikuwa yake.