Cha Juu, Cha Chini

Tangu asubuhi Coleta alikuwa amesimama nje ya waya wa miba, kikapu kichwani, akiomba kuingia shambani kwake mwenyewe. Ndani, vibarua walikuwa wanabomoa matuta ya ntumba, yale aliyoyainua kwa jembe mwezi wa tatu na kufukia nyasi chini zioze. Maharage yalikuwa yamekauka, yanasubiri kung'olewa tu. Nyumbani pale Mwimbi watoto wanne walikuwa wanashindia uji.

Waya huo aliuleta Isdori, mumewe, kwa mikono yake. Jembe lake liligonga jiwe la buluu humo shambani, naye, mjukuu wa wafua chuma, akalifanyia walichofanya babu zake kwa kila jiwe geni: akalitia kwenye makaa, akavukuta. Jiwe likapasuka vipande vitatu. Akavipeleka Sumbawanga kwa Eustaki, dalali wa madini, mtu wa parokia yao. Eustaki akafunga dirisha, akavimulika kwa taa yake ya betri yenye mwanga wa zambarau, vikawaka buluu mpaka Isdori akajivuta nyuma. Kisha akamwambia, kwa huruma kabisa, kwamba jiwe lililopigwa moto halifai kukatwa kuwa kito. Lakini halikosi wenzake, wako wapi? Na Isdori, jamani, akampeleka mpaka kwenye tuta lenyewe.

Mwezi haukuisha, Eustaki akarudi na leseni. Coleta alipokwenda kulalamika, karani wa ofisi ya madini alimweleza kwamba siku hizi ni ruksa, kila mtu na bidii yake.

"Cha juu ni chako, mama," alisema. "Cha chini ni cha mwenye leseni."

Coleta akauliza cha chini kitachimbwaje bila kuharibu cha juu. Karani akamwita mtu mwingine dirishani. Isdori yeye alipewa kibarua cha kuchimba, akashukuru, na shukrani hiyo ilimuuma mkewe kuliko waya.

Saa kumi jioni Eustaki akamruhusu aingie. Aliokoa matuta saba. Mengine yote yalikuwa chini ya kifusi. Wakati wa kutoka, mlinzi Bundala, mgeni kazini, akamwingiza kwenye banda la turubai lenye giza, akamwaga maharage chini na kuyamulika kwa ile taa ya zambarau, Eustaki akitazama. Hakuona kitu. Akamwamuru afungue mdomo.

"Kaficha," Bundala akasema. "Bosi, ona, buluu."

"Ni meno yangu, baba."

Eustaki alijua. Chini ya taa ile meno ya kila mtu huwaka; hata yake yalikuwa yanawaka, maana alikuwa anacheka.

"Kazi yako ni kukagua," alimwambia Bundala. "Kagua."

Bundala akachukua koleo la kung'olea misumari kwenye sanduku la vifaa. Kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili, Eustaki akamwita Isdori kutoka shimoni, akamkabidhi taa.

"Shika vizuri, ndugu yangu. Isicheze."

Isdori akaishika, akaielekeza mdomoni mwa mkewe, na haikucheza.