Jitu la Mwituni Kifuani mwa Gesche

Mji mzima wa Zellerfeld hakuna mwanamke aliyemsahau mchumba upesi kama Gesche. Siku moja tu, kwisha. Kesho yake akaanza kumkumbuka, na hajaacha mpaka leo kichwa kimejaa mvi.

Enzi hizo milima ilikuwa bado inatoa fedha kwa wingi, na nyundo za nyumba ya kupigia sarafu zilisikika mpaka kanisani. Jobst alikuwa mpiga nyundo. Siku ya uchumba alimpa Gesche tala mpya, sarafu nzito ya fedha yenye jitu la mwituni, ndevu mpaka tumboni, limeshika msonobari uliong'olewa pamoja na mizizi yake. Ndiyo desturi: msichana akikaa na sarafu, ahadi i hai, akiirudisha, imekufa. Kisha Jobst akaenda kupiga sarafu mji mwingine, akaoa hukohuko, na kwa haya hakuidai. Gesche naye akaolewa na mwoka mikate, mtu mwema, Mungu amrehemu. Sarafu hakuirudisha.

Leo Jobst, mgongo umepinda, mkewe kishazikwa, alikuwa mezani kwa Gesche akinywa supu ya kabichi.

"Gesche, ile sarafu yangu. Unayo?"

Gesche aliihisi ikimchoma kifuani, pale alipoishonea ndani ya kizibao. Akisema ndiyo, mzee huyu atajua kwamba amengojwa maisha yote. Afadhali afe.

"Sarafu gani? Niliiuza zamani, nikanunua chumvi."

"Chumvi!"

"Na ikaisha. Ulidhani nimeiatamia kama kuku?"

Jobst akaweka kijiko chini. "Basi nimekuja bure. Nilifikiri, kama ahadi ingalipo..." Akacheka kwa aibu. "Lakini ilikuwa nzuri, ile. Niliipiga kwa mkono wangu huu. Lile jitu, mti mkono wa kulia, pua kama figili..."

"Wa kushoto!" Gesche akadakia. "Mpiga nyundo gani wewe? Na hiyo pua utaionea wapi, uso mzima umeshafutika kwa kupapaswa!"

Jobst akamtazama, ndevu zikaanza kumcheza.

"Hiyo chumvi, bibi wee," akasema taratibu, "ulikuwa ukiipapasa wapi?"

Gesche akafungua mdomo ajibu. Lakini mkono wake, msaliti mkubwa, ulikuwa umeshafika kifuani.