Shikamoo ya Mlimani

Consolata, mjane wa kijiji cha Vidunda mlimani, aliyeshusha ndizi sokoni kwa kichwa miaka tisa, aliingia mbio za kutoka Mikumi hadi juu mlimani na kurudi kabla jua halijazama. Mshindi angeajiriwa kuongoza wapanda milima, na yeye alikuwa na watoto watatu na Mungu tu.

Aligeuza kule juu akiwa wa kwanza. Akishuka, penye kona ya migomba, akamkuta baba mkwe wake, Mzee Yeremia, ameketi juu ya jiwe. Kwao mkamwana hampiti baba mkwe bila kupiga magoti, wala hainuki mpaka aruhusiwe. Akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Mzee akatema ugoro kwanza. "Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Baba, nina haraka."

"Haraka ya wapi, mkwe? Unafukuzwa na simba? Haya, mbuzi je? Na mahindi?"

Wanaume wawili wakapita mbio. Mzee akawapungia mkono. Alipomwachia Consolata, magoti yalikuwa yamekaza kama kuni.

Alifika Mikumi jua limeshazama, kazi imeshapata mwenyewe.

Jumapili, nje ya kanisa, Mzee Yeremia akawaambia watu, "Si nilisema? Mwanamke hana pumzi ya mlima."

Consolata alisali rozari nzima akiomba moyo wa kusamehe. Haukuja. Jumatatu akamkuta mzee pale pale kwenye jiwe.

"Shikamoo, baba," akasema, mkungu wa ndizi kichwani, akapita bila kusimama.