Madirisha ya Sindara

Feruzi alikuwa mchora vibao wa Rumonge, mji wa kando ya ziwa kusini mwa Bujumbura, na kama uliwahi kunyolewa, kushonewa suruali au kupanda mtumbwi katika mji ule kabla ya mwaka sabini na mbili, basi uliwahi kusoma mwandiko wake, na makosa yake pia. Vibao vilimpa ugali. Furaha aliipata kwingine, katika kuchora mji ambao haupo.

Mji huo uliitwa Sindara na ulitoka kitabuni. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kifaransa, kinene, kimeshapoteza jalada. Mwenye nacho alikuwa mwalimu Sylvestre, mwenyeji wa kijiji cha Minago aliyefundisha Rumonge, ambaye kila Jumamosi alasiri, kabla ya kupanda baiskeli kurudi kwao, alipita kula ndagala, vidagaa vya ziwani, kwa Zuwena, mke wa Feruzi. Akishashiba alikifungua kitabu na kukigeuza Kiswahili papo hapo. Uani palijaa. Wanawake walikuja na chikichi zao za kumenya, na wanaume walikuja kuomba moto wa sigara, wakausahau moto na sigara yenyewe.

Sindara ilijengwa juu ya jiwe, katikati ya ziwa lisilo na ng'ambo. Malkia wake hakulala kamwe kabla ya kuwahesabu watu wake, na ili ahesabu vizuri, kila raia alisimama jioni dirishani pake.

Feruzi hakujua Kifaransa, hivyo alichora alichosikia. Siku moja mwalimu alisema mlima wa Sindara umejaa misonobari.

"Musonobari ni nini?" Feruzi akauliza.

"Ni muti murefu, umebana matawi yake. Iko kama mwavuli uliofungwa."

Basi Sindara ikapata msitu wa miavuli iliyofungwa, mia mbili na zaidi, imesimama wima mlimani. Rangi ya buluu ilikuwa ile ya kupaka mitumbwi, kwa hiyo ziwa na mbingu vilifanana kabisa na ndege waliruka majini. Mwalimu alipoiona picha ile alicheka mpaka akapaliwa, lakini hakurekebisha kitu.

Kisha Esha, mwenye mgahawa, akaanzisha balaa. "Feruzi, unitie mu dirisha moja. Ile ya juu, yenye pazia." Alipotiwa yeye, nani angekubali kuachwa nje? Amissi fundi cherehani alitaka dirisha lolote mradi liwe mbali na la mama mkwe wake. Mzee mmoja wa mitumbwi alidai mlango wa nyuma unaoshuka majini. Baada ya miaka miwili Sindara ilikuwa na picha kumi na moja, kila moja ikining'inia katika nyumba tofauti, na watu ambao hawakuwahi kupewa kiwanja popote walikuwa wakigombana kuhusu nani anakaa karibu na Malkia.

Jumamosi ya mwisho ya Aprili mwalimu alichelewa, gurudumu limetoboka. Alisoma mpaka pale Malkia anapohesabu na kukuta dirisha moja lina giza, kisha akakifunga kitabu.

"La nani?" uani wakapiga kelele. "Dirisha la nani?"

"Juma lijalo," akasema, akacheka.

Jioni ile ile wakaja watu wenye mapanga, wakaua. Baada yao wakaja watu wa serikali wenye malori, wakaua zaidi, tena kwa orodha. Sina maneno ya kulipamba jambo hilo, na ningekuwa nayo nisingeyatumia. Mwalimu Sylvestre aliitwa ofisini kutia saini karatasi moja tu. Alikwenda na kitabu kwapani, asome akisubiri zamu yake, na hakurudi. Amissi naye aliitwa. Wengine walivuka ziwa, na mitumbwi iliyobaki ikanyang'anywa makasia. Feruzi alimlilia mwalimu kama ndugu yake wa tumbo moja, lakini alilia chooni, maana matanga yalikuwa yamepigwa marufuku.

Mwezi wa Julai akaja Bwana Kashe. Jina lake la kweli lilikuwa refu na hakuna aliyelihitaji. Alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Utulivu, na kazi yake ilikuwa kugonga kashe, yaani muhuri. Aligonga vyeti, aligonga ruhusa za kwenda Gitaza, aligonga madebe ya mawese, na wapo wanaoapa kwamba aligonga sikio la mbuzi. Mtu asiye na kashe yake hakuwa mtu, na kibao kisicho na kashe hakikuwa na ruhusa ya kusomwa.

Siku moja aliingia kwa Esha kunywa chai, akainua macho ukutani.

"Muji huu iko wapi?"

"Iko Sindara, Musyé," Esha akajibu, akimwita bwana kwa Kifaransa.

"Komine gani?"

Esha hakujua Sindara iko katika komine, yaani tarafa, gani.

"Nani anaiongoza?"

"Malkia."

Bwana Kashe aliweka kikombe chini. Jamhuri ilikuwa haijatimiza hata miaka sita, na hapa ukutani, juu ya sahani ya maandazi, palikuwa na malkia. Kabla ya adhuhuri picha zote kumi na moja zilikuwa zimekusanywa ofisini, zimegeuzwa uso ukutani kama watoto watundu, na Feruzi alikuwa amesimamishwa mbele ya meza.

"Hii miavuli iko ya nini?"

"Ni miti, Musyé."

"Miti ninaijua, nilisoma. Mutu anaficha miavuli mia mbili mu mulima, na mvua hakuna. Anangoja nini?"

Domitille, karani wa kupiga chapa, akaandika: miavuli, mia mbili.

"Na ng'ambo ya ziwa iko wapi?"

"Haina ng'ambo, Musyé."

"Kila ziwa iko na ng'ambo. Umeificha kwa sababu ndiko munapeleka watu."

"Musyé, mji huu haupo. Ni hadithi ya kitabu."

"Lisemwalo lipo," Bwana Kashe akamjibu kwa Kiswahili safi alichojifunza kwa ajili ya cheo, "na kama halipo, laja. Mimi niko hapa ili lisije."

Kwa akili za namna hiyo watu hupandishwa vyeo, na yeye alikuwa akikitarajia chake.

"Mwalimu Sylvestre ndiye alitusomea," Feruzi akasema. "Mungemuuliza yeye."

"Mwalimu amehamishwa."

"Wapi?"

Mashine ya Domitille ikanyamaza. Bwana Kashe akamtazama Feruzi bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililotisha.

"Mahali ambapo na wewe unaweza kuhamishiwa. Sikiliza. Wageni wanakuja kutoka Bujumbura, na ukuta wangu hauna kitu. Siku ya Ijumaa uniletee picha ya Rumonge yenyewe. Kweli tupu. Usiongeze, usipunguze. Ikiwa kweli, nitaigonga kashe, utarudi ku vibao vyako. Ikiwa uongo, utamufuata mwalimu, akumalizie hadithi."

Feruzi alikuwa hajawahi kuchora kitu anachokiona. Alibeba ubao wake, akazunguka mji siku tatu, na woga, unajua, humfanya mtu awe mtiifu kupita kiasi. Hakuongeza. Alichora meza ya Amissi bila cherehani, kwa sababu cherehani haikuwepo, na bila Amissi. Alichora mitumbwi isiyo na makasia, imelala juu ya mchanga. Sokoni alikuta wanawake watatu, akachora watatu. Shuleni alikuta mbuzi amesimama mlangoni akitafuna daftari, akamchora mbuzi na daftari. Na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea madirisha, aliyachora madirisha yote ya mtaa, moja moja, kwa uangalifu mkubwa, na hakumtia mtu.

Zuwena aliiona picha Alhamisi, akashika kichwa.

"Baba Sikuzani, tia watu."

"Aliniambia nisiongeze."

"Utatuacha mjane na yatima kwa ubishi wako!"

"Si ubishi, mama. Nilisimama mbele ya kila dirisha. Nilingoja." Kisha akaenda kusafisha brashi ambazo zilikuwa safi.

Ijumaa Bwana Kashe aliisimamisha picha mezani, akaitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Domitille aliyekuwa amesimama nyuma yake aliikuta nyumba ya dada yake upande wa kushoto, mlango wazi, sufuria imepinduka uani, akakaa kwenye benchi la wageni bila kuambiwa.

"Watu wako wapi?"

"Musyé, ulisema nisiongeze."

Msidhani alisema kwa ujasiri. Alisema kwa sauti ya mtu anayejichungulia kaburini. Bwana Kashe akafungua kopo la wino, akalifunga, akalifungua tena. Akiigonga kashe kwamba ni kweli, atakuwa amekubali kwamba mji umebaki mtupu. Akisema ni uongo, itabidi aseme nani anakaa katika zile nyumba. Kwa mara ya kwanza tangu afike Rumonge, kashe ilikosa pa kugongwa. Aliinuka akafunga dirisha la ofisi.

"Muji huu haupo," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Musyé."

"Tia watu. Wengi! Wageni wanafika siku ya kwanza ya juma."

"Watu gani, Musyé?"

"Watu! Watu wa Rumonge! Wale wale wa siku zote!"

Amri ni amri. Feruzi alirudi nyumbani mbio, na safari hii hakuhitaji kuzunguka popote, kwa sababu nyuso zile mkono wake ulishazichora Sindara na ulizijua. Alimrudisha Amissi kwenye cherehani. Aliwarudishia wavuvi makasia. Dada wa Domitille aliinamia sufuria yake. Zuwena alikaa kando ya mumewe akimtajia wale aliokuwa amewasahau, akilia waziwazi, maana sasa ilikuwa kazi ya serikali. Kila dirisha likapata mtu wake. Mbuzi aliondolewa mlangoni mwa shule, na pale pale akasimama mwalimu Sylvestre, kitabu kimefunguliwa mikononi, kwenye kurasa za mwisho.

Wageni wa Bujumbura walifurahi mno. "Tazama watu hawa," walisema, "utulivu mutupu!" Bwana Kashe alikwisha kuigonga picha katika pembe zote nne, na hivyo muhuri wa Jamhuri ukathibitisha kwamba kila mtu aliyeonekana pale yuko, mzima, nyumbani kwake. Feruzi akarudishiwa brashi zake na uhai wake, na picha za Sindara zikabaki nyuma ya mlango, ushahidi wa uasi wa miavuli.

Juma lililofuata, picha ikishaning'inia ukutani, ofisi ya Tume ya Utulivu ilianza kujaa. Watu walikuja kuomba ruhusa za kwenda Muhuta ambako hawakuwa na jamaa. Walikuja kuandikisha baiskeli zilizokwisha kuchukuliwa. Esha alileta cheti cha mgahawa kigongwe kashe mara tatu katika mwezi mmoja. Walikaa kwenye benchi, macho ukutani, na Domitille, ambaye sasa alipiga chapa taratibu sana kwa karani aliyeifanya kazi hiyo miaka minane, alilisogeza benchi karibu na picha bila kuomba ruhusa. Bwana Kashe aliandika ripoti kwamba raia wa Rumonge wameanza kuipenda ofisi. Alipandishwa cheo, lakini hilo lilikuja baadaye.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja mzee, miguu imejaa vumbi la njia yote ya Minago. Alisalimu amahoro, yaani amani, akakaa mwisho wa benchi, mkabala na mlango wa shule uliochorwa. Wengine waliitwa, wakapata karatasi zao, wakaondoka. Yeye hakuinuka. Saa sita Bwana Kashe, ambaye siku hiyo alikuwa na roho nzuri, akatoka mwenyewe na kashe mkononi.

"Mama, unatafuta karatasi gani?"

Mama yake Sylvestre hakuondoa macho ukutani.

"Yoyote, mutoto wangu," akasema. "Tena musifanye haraka."