Bamba la Arubaini

Katika karakana ya mawe ya Harub, nje kidogo ya Izki, Oman, ukiwasha msumeno kabla ya kufungua maji umejitafutia balaa. Angekutukana kwa Kiarabu, akamalizia kwa Kiswahili cha Unguja alichokirithi kwa mama yake, kisha akauchukua mpira na kukumwagia wewe na jiwe lako. Wageni walicheka. Waliomjua hawakucheka, maana kaka yake, Sleyum, alikata mawe makavu miaka kumi na saba, vumbi likamjaa mapafuni, na mwisho wake akawa analala amekaa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Basi Harub alishtuka kwa kila mtu, isipokuwa kwa Wasanta.

Wasanta alikuwa mchonga maandishi, Mbudha kutoka Sri Lanka. Miaka kumi na miwili alikuwa hapo, Kiswahili amekiokota karakanani, naye akimwita Harub arbabu, yaani bosi, kama wafanyakazi wa kigeni wanavyowaita matajiri wao. Mwaka jana mafuriko yaliingia hekalu la kijijini kwao, yakaozesha maandiko matakatifu yaliyoandikwa juu ya majani ya mti. Wanakijiji wakaapa kwamba jambo hilo halitarudi tena. Maandiko yatachongwa juu ya mawe, mabamba arubaini, na kila bamba litajengewa stupa yake, kijumba cheupe chenye kuba, si cha kulala mtu wala kusali mtu, bali cha kulihifadhi neno. Wasanta atachonga Oman na kuyapeleka kwa meli, yafike kabla ya sikukuu yao ya mwezi mpevu wa Mei. Mama yake, mwanamke wa miaka sabini, alikuwa akibeba matofali kichwani.

"Sisi hata makaburi yetu hatuyaandiki," alisema Harub, "lakini neno la mtu ni amana. Chonga."

Wasanta aliandika kila herufi kwa wino, maneno akiyatoa kichwani alikoyahifadhi tangu utoto, kisha akaifuata kwa grinda ndogo. Na wino haupatani na maji. Rangi ya mafuta ingeshika, lakini yataka siku mbili kukauka kwa kila bamba, na meli haimngoji mtu.

"Arbabu, nifunge maji?"

Harub aliutazama mpira. Akaitazama kalenda ukutani.

"Funga."

Neno moja tu, na alilisema kama anayeagiza chai. Kwa miezi minane Wasanta alikaa ndani ya wingu jeupe, na barakoa ya karatasi usoni, kama zile za siku za korona.

Chakula cha mchana cha karakana alikipika Khole, mjane wa Sleyum. Siku ya bamba la ishirini na sita aliliweka chini sufuria la wali, akasimama kusikiliza.

"Shemeji, kikohozi hiki nakijua."

"Kiyoyozi hicho. Wanalala nacho usiku kucha."

"Nimelala nacho miaka mitano, Harub. Usinambie mimi kiyoyozi."

Harub alipandisha sauti, akamwambia ashughulike na wali wake. Alikuwa ameona haya, na haya za mtu mzima hutoka kwa ukali.

Lilipokwisha la thelathini na tisa, Wasanta alianguka. Hospitali ya Nizwa walisema mapafu yamekuwa magumu, hakuna dawa. Zitafutwe karatasi arudi kwao na mtungi wa oksijeni. Bamba la arubaini lilikuwa limeshaandikwa wino, bado kuchongwa.

"Ufuate wino tu, arbabu," alisema kwa simu, akipumzika kila baada ya neno. "Huna haja ya kusoma. Mama ameshajenga stupa yake. Iko tupu."

"Wallahi nitalichonga kwa mkono wangu."

Ijumaa, baada ya sala, Harub alijifungia karakanani peke yake. Alivaa barakoa, akawasha grinda, akachonga herufi ya kwanza, na akaichonga vizuri. Vumbi likapanda. Akaisikia ladha yake ulimini, ladha ya jiwe, na Sleyum akamjia vilevile, amekaa kitandani, mdomo wazi. Mkono wa Harub ukaenda ukafungua maji.

Hakufikiri. Ubaya wenyewe ndio huo, kwamba hakufikiri. Wino ulichuruzika kwa michirizi myeusi, naye akajitahidi kuuzuia kwa viganja kama mtu anayekinga uji uliofurika. Maji yalipokwisha, ilibaki herufi moja asiyoweza kuisoma.

Kesho yake alikwenda Nizwa pamoja na Khole. Njiani alitunga uongo: jiwe limepasuka. Uongo mzuri, ungepita. Lakini Khole alikataa kungoja garini, akasimama mguuni pa kitanda.

"Limekwisha, arbabu?" aliuliza Wasanta, mipira ya hewa puani.

"Wino umetoka. Nilifungua maji."

"Kwa nini?"

"Vumbi. Liliniingia."

"Mara moja tu?"

"Mara moja."

Wasanta alimgeuzia uso.

"Kumbe ulijua," alisema.

Hakusema kwa hasira. Wasanta aliomba kalamu ayaandike upya maneno. Mkono ulifika herufi tatu ukalala juu ya shuka.

Alisafirishwa wiki ile, akafa nyumbani siku tisa kabla ya sikukuu. Mtawa wa hekalu akatuma picha kwa simu ya Khole: stupa arubaini nyeupe kwa safu, na mbele ya ile ya mwisho, iliyo tupu, bibi kizee amekaa chini. Aliandika pia kwamba mabamba thelathini na tisa yamefika, wanamshukuru Bwana Harub kwa kulihifadhi neno, na wanamwombea umri mrefu na pumzi njema.

Harub alisoma, akageuza uso.

"Ifute, Khole."

"Itazame, shemeji," alisema Khole, na simu hakuiondoa mbele ya macho yake.