Orodha ya Mgowe

Faustina alisikia jina lake likitajwa kwenye kipaza sauti cha chama kisicho chake, tena likiwa la kwanza, akabaki ameduwaa. Alikuwa amesimama pembeni mwa uwanja wa Igowole, kapu la mboga mkononi, amekuja kusikiliza tu kama watu wanavyosikiliza mkutano wa jirani. Jukwaani mgeni kutoka mkoani, fulana ya kahawia ya Chama cha Nguzo imembana tumbo, alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Namba moja, Faustina Luvanda, katibu wa tawi la Mwamko!" mgeni akanguruma. "Karibu nyumbani, mama! Nguzo!"

"Imesimama!" wakaitikia wenye fulana.

Nyumbani! Faustina alikuwa katibu wa tawi la Mwamko mwaka wa kumi na moja sasa. Mlingoti wa bendera ya chama ulichimbiwa uani kwake, na ofisi ya tawi ilikuwa jiko lake. Katika jiko hilo aliwasomea watu katiba ya chama huku maharage yanachemka. Chama kilipokuwa na wanachama watano alikuwepo, na kilipopata diwani wa kwanza katika kata hii, yeye ndiye aliyemnadi nyumba kwa nyumba mpaka viatu vikaachia soli.

Diwani mwenyewe ndiye huyu hapa, Sosthenes, amekaa kulia kwa mgeni, fulana mpya bado ina mikunjo ya dukani. Alikuwa amejiuzulu asubuhi hiyo. Kwa wiki mbili watu walinong'ona kwamba ameonekana Ipogolo, kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, akinywa supu na wakubwa wa Nguzo, na Faustina ndiye aliyewafokea wanong'onaji. Aliwaambia wana midomo mirefu. Sasa alitamani awaombe radhi mmoja mmoja.

"Namba mbili, Evarista. Namba tatu, Kasian," mgeni aliendelea. "Hawa wote, wananchi, wamechoka na Mwamko. Wamemfuata kiongozi wao. Sitini na wawili!"

Faustina akasikiliza majina yanavyofuatana, na kabla hayajafika matano akaijua ile karatasi. Aliiandika mwenyewe.

Wiki tatu nyuma Sosthenes aliita mgowe kuvuna viazi vyake. Huku kwetu mgowe hauna siri: mwenye shamba anatangaza siku, anapika, anaweka ulanzi kwa wanaokunywa na chai kwa walokole, na majirani wanakuja na majembe wanamaliza kwa siku moja kazi ya wiki mbili. Hakuna anayelipwa. Kinachoandikwa ni majina ya waliofika, ili siku yao ikifika mwenye shamba naye aende kwao, na asipokwenda atalima peke yake mpaka azeeke. Daftari la mgowe lilikaa kwa Faustina kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Jioni ile Sosthenes alimwomba majina. "Nisije nikasahau shamba la mtu, dada," alisema. Faustina akaona huo ni uungwana, akachana karatasi na kumpa kwa mkono wake. Alipokumbuka hivyo uso ulimwaka, akajiona mjinga kuliko wajinga wote wa Mufindi.

Wale wa Ipogolo, bila shaka, walimtaka asije mikono mitupu. Diwani anayehama peke yake hana bei. Anayehama na tawi zima ndiye anayepigiwa makofi. Basi akawapa alichokuwa nacho mfukoni, bila kuisoma karatasi mpaka chini. Sosthenes hakuwahi kusoma kitu mpaka chini. Hata mihtasari ya vikao vya kata aliisaini hivyo hivyo.

"Namba saba," mgeni akasoma, "Mwinjilisti Sedekia!"

Uwanja ukachekacheka. Mwinjilisti wa Kilutheri hana chama, na wa kwao alikuwa hata hataki kusikia neno siasa karibu na kanisa. Sosthenes akajikuna shingo.

"Namba kumi na moja, Saulo Kikoti!"

Hapo watu waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Saulo alikuwa mwenyekiti wa tawi la Nguzo pale Igowole, alikuwa mwenyekiti tangu enzi za chama kimoja, na wakati huo alikuwa amekaa jukwaani, kiti cha pili kushoto kwa mgeni, mikono juu ya fimbo yake. Kwenye mgowe hatuulizani kadi. Alikuja na jembe lake kama wengine, akachimba matuta sita na kula ugali.

"Mimi?" Mzee Saulo akasimama. "Mimi nimehama kutoka wapi kwenda wapi?"

Mgeni akageuza karatasi kana kwamba jibu liko nyuma.

Faustina hakungoja. Aliweka kapu chini, akapita katikati ya watu, na watu wakampisha. Alikuwa na hasira, na hakutaka kuificha. Alipopanda ngazi Sosthenes alimwahi na kumsogelea sikioni.

"Dada, tusiaibishane. Nafasi yako ipo. Ukatibu wako utaupata kule kule kwetu."

"Kwenu wapi?" Faustina akasema kwa sauti, akachukua kipaza sauti mkononi mwa mgeni, ambaye alikiachia kwa sababu alidhani huyu ni namba moja amekuja kutoa neno la shukrani.

"Kamwene," Faustina akawasalimu, na uwanja ukamrudishia salamu. "Mimi Mama Blessing mnanijua. Haya yaliyosomwa ni majina ya watu waliomchimbia viazi Sosthenes. Niliyaandika mimi, jikoni kwangu, na kosa langu ni kumpa. Hatukwenda kule kwa chama. Tulikwenda na majembe. Mtu akinilimia shamba nami nikamlimia, hajaninunua, wala mimi sijamnunua. Mimi si gunia la viazi la kuhamishwa ghala hadi ghala nikiwa nimefungwa mdomo!"

Watu wakapiga vigelegele. Hata wenye fulana za kahawia walipiga, mpaka walipokumbuka wamevaa nini.

"Sasa sikilizeni. Kuhama chama si dhambi. Anayetaka kuhama, apande hapa kwa miguu yake, arudishe kadi yake kwa mkono wake. Sitamnunia. Ila asihamishwe na karatasi."

Alisema hivyo kwa kiburi, akiamini hatapanda mtu. Wakapanda tisa. Wa nne alikuwa Evarista, ambaye walibatizwa naye siku moja na kulia naye misiba yao. Evarista alipita mbele yake bila kumtazama, akampa mgeni kadi ya Mwamko, akapewa fulana. Iliuma. Kwa kitambo kidogo Faustina alitaka kushuka akachukue kapu lake aende zake. Lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, na alikuwa ameahidi kutokununa.

"Karibuni huko mnakokwenda," akasema, na sauti ilikwaruza. "Na neno la mwisho. Sosthenes amejiuzulu, kiti cha udiwani kiko wazi, uchaguzi mdogo unakuja. Nitagombea mimi."

Fundi wa muziki akakata sauti, lakini alikuwa amechelewa.

Jumanne yake Faustina alipanda basi kwenda Mbeya. Ofisi ya kanda ya Mwamko ilikuwa mtaa wa Soweto, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na fomu za kugombea zilitolewa huko. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na viatu vilivyomfinya tangu Makambako. Njia nzima alijisemea atakachosema kwenye mkutano wa kwanza, na mama mmoja aliyekaa naye kitini akahama akidhani ana maombi mazito.

Katibu wa kanda, Anyitike, alikuwa kijana mchangamfu wa miaka thelathini na kitu. Aliinuka, akampokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama! Video yako imezunguka kanda nzima. Gunia la viazi! Sisi hapa tumecheka mpaka basi."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata fomu."

Anyitike akakaa. Akasogeza kalamu, akasogeza simu, akairudisha kalamu ilipokuwa.

"Fomu, ndiyo. Ila kuna jambo kubwa limetokea, mama, na ni la heri. Unamjua Vitus, yule wa mbao?"

Nani asiyemjua Vitus? Ana malori matano na msitu wa misonobari. Alikuwa kada wa Nguzo tangu ujana, na miaka yote alikingojea kiti cha udiwani.

"Sasa Nguzo wamempa Sosthenes tiketi," Anyitike akasema. "Ndiyo makubaliano yao ya Ipogolo. Vitus kakasirika, na juzi amekuja kwetu. Amekuja na malori, na vipaza sauti, na vijana wake. Kanda imeona yeye ndiye apeperushe bendera."

Faustina alimtazama. Alichokisikia hakikuwa kigumu kuelewa: mtu wao amekwenda kwa wale, mtu wa wale amekuja kwao, na watakutana uwanjani wamebadilishana fulana tu.

"Wanachama wa kata wamesemaje?"

"Tutawataarifu."

"Mtatutaarifu." Faustina akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Hata Sosthenes alitutaarifu. Kwa kipaza sauti."

"Mama, siasa ni hesabu. Wewe una moyo, Vitus ana malori."

"Bendera ilipochanwa uani kwangu nikaishona, Vitus alikuwa upande gani? Nakuuliza wewe, hukuwepo, najua. Wewe ulikuwa chama gani mwaka ule?"

Anyitike akaisogeza tena kalamu. Alikuwa amepita vyama vitatu kabla ya Mwamko na hakuwa ameona haya mpaka siku hiyo. Kisha akauliza, kwa upole, bila nia mbaya yoyote, kama mtu anayemuuliza mwenzake atapanda basi gani:

"Sasa wewe mama utahamia wapi?"

Swali hilo ndilo lililomaliza uvumilivu wa Faustina. Tusi angelimeza, maana matusi alishayazoea. Lakini huyu kijana aliuliza kwa uhakika kabisa kwamba mtu akinyimwa tiketi anafungasha, na kwamba kilichobaki ni kujua anaelekea mlango upi.

"Nihame?" akasema kwa sauti ya juu. "Nihame kwangu niende wapi? Hamieni nyie! Nyie ndio mna mabegi mgongoni. Leo hapa, kesho pale, keshokutwa mnarudi mnasema mmeunga mkono juhudi. Mimi sihami kwenda Nguzo, sihami kwenda chama cha tatu, na sihami kutoka kwenye kiti hiki mpaka unipe fomu. Katiba ya chama naijua, nimewasomea watu jikoni miaka kumi na moja. Mwanachama hai akitaka fomu ya kugombea, anapewa. Atakayepeperusha bendera anapigiwa kura na wanachama wa kata, siyo na kanda. Vitus naye achukue. Aje Igowole, asimame mbele yao, mimi nisimame, wachague. Wakimchagua, nitamnadi. Nitavaa viatu nimnadi. Lakini wachague!"

"Kanda inaweza kukufuta uanachama, mama," Anyitike akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Futa. Chukua karatasi, andika barua sasa hivi nione. Na sababu uiweke: amekataa kuhama."

Anyitike akaishika kalamu. Kutoka chumba cha pili mtu akakohoa, na mwanamke mmoja, mhasibu labda, akachungulia mlangoni, akamtazama katibu wake akingoja kuona ataandika nini. Chini dukani mtu alikuwa anakata bati. Anyitike hakuandika. Alivuta droo, akatoa fomu, akaisukuma mezani polepole.

"Lakini kwenye kura, mama, siwezi kukuahidi kitu."

"Sikukuomba uahidi," Faustina akasema. "Nipe hiyo kalamu."

Akajaza palepale, juu ya meza ya katibu, kwa ule mwandiko wake unaosomeka. Jina. Umri. Kazi: mkulima. Tarehe ya kujiunga na chama aliiandika bila kufikiri, mpaka siku. Ukurasa wa pili akakuta kipengele ambacho hakikuwepo kwenye fomu za zamani: Taja vyama vyote ulivyowahi kuwa mwanachama kabla ya hiki. Chini yake waliweka mistari minne, na kwenye kona, kwa herufi ndogo, wakaandika kwamba nafasi isipotosha mgombea aambatanishe karatasi nyingine.

Faustina aliisoma mara mbili. Akamwinulia Anyitike macho, na Anyitike akatazama dirishani.

Kisha akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa kwanza na kuiburuta hadi wa nne, akaikata yote kwa mchoro mmoja mzito, mpaka karatasi ikachanika kidogo.