Vikombe vya Marehemu Wetu

Giles alipoinunua baa yetu iitwayo Mganda wa Shayiri, alibandika ukutani kile alichokiita historia ya baa: eti mwaka 1643 jambazi mmoja mpanda farasi alijificha ndani ya dohani. Nimezaliwa kijiji hiki, nina miaka sabini na sita, na huyo jambazi ndiyo kwanza namsikia. Historia ya baa ile ilikuwa ikining'inia juu ya kaunta. Kila mnywaji alikuwa na kikombe chake cha bati, vyote sare, jina lake kalikwaruza mwenyewe kitakoni. Akifa, kikombe kinatundikwa kichwa chini, hakiguswi tena. Vilifika kumi na kimoja. Kimoja kilikuwa cha Wilf, mume wangu.

Ijumaa Giles alitualika wanakijiji twende tukaone alivyoipamba. Niliketi na wifi yangu Enid, tukaagiza samaki. Samaki akaja, na chipsi zimesimamishwa ndani ya kikombe cha bati.

Niliinua macho. Kulabu zote tupu. Nikazimwaga zile chipsi mezani, nikapindua kikombe nitazame kitako. Kinang'aa, hakina jina.

Nilimwita Giles, nikamuuliza majina yamekwenda wapi.

"Vilikuwa vichafu, mama, vimejaa mikwaruzo," alisema huku anatabasamu. "Nimevipeleka vikasuguliwa kwa mashine. Wateja wa mjini wanapenda vitu vya kale."

Mori ulinipanda. Nilimwambia anapenda vitu vya kale ila wenyewe waliovitumia hawataki. Akajitetea kwamba hakuna aliyemweleza, na hapo alisema kweli. Sote tulidhani mtu mwenye akili zake angeuliza. Kisha akaharibu kabisa: vikombe, akasema, alivinunua pamoja na jengo.

"Jengo umenunua, mwanangu," nikamwambia. "Marehemu wetu hukuuziwa."

Nilipita meza hadi meza na kikapu cha Enid. Wageni walimwaga chipsi zao mezani, wakanipa vikombe. Giles alibaki kaunta na jambazi wake, hakuthubutu kunizuia.

Sasa viko jikoni kwangu, vimetundikwa kichwa chini. Wajane wenzangu wamekuja, wamevipapasa kimoja kimoja, wamerudi mikono mitupu. Kila Jumamosi navifuta vumbi vyote kumi na kimoja, maana sijui cha Wilf ni kipi.